Sabini na Moja kati ya Sabini na Moja

Mwalimu Kokushubila hakuwa mvivu. Hilo niliseme mapema, maana watu wa Mbagala wana midomo, na habari hii ilipotoka walisema yote mpaka yasiyokuwepo. Alishuka Dar mwaka themanini na sita akitokea Bukoba, ana sanduku la bati na cheti cha ualimu daraja la C. Akajisomea kwa njia ya posta, bahasha zinakwenda zinarudi, akapanda daraja la B, na roho yake yote ilikuwa kwenye la A. Semina hazikumpita. Ikitangazwa semina Jumamosi, yeye yupo mbele kabisa na daftari lake lililofunikwa kwa gazeti. Na mwandiko wake, jamani! Mwandiko ule ungeweza kuposwa peke yake.

Sasa, kwa asiyewahi kushika chaki: mwalimu haingii darasani hivi hivi. Anatakiwa awe na andalio la somo. Juu anaandika tarehe, darasa, waliosajiliwa na waliohudhuria. Katikati anaeleza atafundisha nini na kwa hatua zipi. Chini kabisa pana nafasi ya tathmini, yaani wanafunzi wangapi wameelewa, na nafasi hiyo hujazwa somo likishakwisha. Ndivyo wanavyofundishwa chuoni. Lakini wakaguzi wakitangazwa, ofisi ya walimu inageuka kiwanda. Tathmini za wiki nzima zinajazwa kwa mkupuo, hata za masomo ya keshokutwa, tena kwa kalamu mbili tofauti ili mkaguzi asishtuke. Ambaye hajawahi kufanya hivyo anyooshe mkono tumwone.

Mwaka tisini na saba, wakati wa masika, wakaguzi walitangazwa kuja siku ya Ijumaa. Alhamisi yake Mwalimu Koku, kama wote walivyomwita, alikuwa na kipindi cha sayansi darasa la tano, na somo lilikuwa kipindupindu. Alikuwa ameliandaa kwa moyo, maana ugonjwa wenyewe ulishaingia mitaa ya jirani. Hatua ya tatu aliipigia mstari: mgonjwa anayeharisha asinyimwe maji. Anywe, tena anywe sana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, huku akipelekwa hospitali.

Somo halikufundishwa. Mwalimu mkuu alipita madarasani akaamuru watoto wote watoke nje, wafagie uwanja na kupaka chokaa mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera. Mwalimu Koku akajisemea, si neno, nitalifundisha Jumatatu. Akakaa ofisini akajaza faili. Waliosajiliwa, 71. Waliohudhuria, 71. Tathmini: wanafunzi 71 kati ya 71 wameelewa somo vizuri. Alipoinua macho dirishani alimwona Naima, binti wa Mwishehe fundi baiskeli, kajitwika ndoo ya chokaa, uso umerukiwa matone meupe, anacheka na wenzake. Kesho yake mkaguzi akasoma ukurasa ule, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Kazi nzuri sana.

Jumamosi Naima akaanza kuharisha. Jumapili jioni akafa.

Maziko yakawa ya harakaharaka, watu wa afya wakisimamia, na msiba wenyewe marufuku kupika wala kula. Walimu walikwenda watano. Chausiku, mama wa marehemu, alikuwa mkekani, macho makavu, sauti imemkauka. Alipomwona Mwalimu Koku akamshika mkono kwa nguvu.

"Mwalimu, mtoto alikataa maji," akasema. "Namsogezea kikombe, anageuza uso. Ananiambia, mama, nikinywa yatazidi. Na mie nikamsikiliza, si yeye ndiye msomi wa nyumba hii? Hivi huko shuleni hawajafundishwa haya mambo?"

Walimu wanne walikuwa nyuma yake, wanasikiliza. Faili lenye wino mwekundu lilikuwa kabatini. Mwalimu Koku akausikia mdomo wake ukisema, "Walifundishwa, Mama Naima. Alhamisi hii hii. Labda hakuzingatia."

Chausiku akamwachia mkono.

"Mbishi huyu," akasema polepole. "Siku zote namwambia, Naima, ubishi wako utakuponza. Haya, umemponza."

Huo ndio uongo aliotoka nao pale. Ule wa kwenye faili ungeweza kusameheka, kila mwalimu anao wa kwake, lakini huu wa pili alimtwisha mtoto aliyelala kaburini. Na mtoto, nawaambieni, hakulala.

Wiki ile ile bwana afya alikuja kuwafundisha watoto habari za kipindupindu, Mwalimu Koku kasimama nyuma ya darasa kama mgeni. Asubuhi iliyofuata akachukua rejesta kuita majina. Jina la thelathini na nane, la Naima, alishalipigia mstari mwekundu. Akaita la thelathini na saba, akavuta pumzi ili aruke, na katika ile pumzi akasikia vizuri kabisa, "Nipo, mwalimu." Akainua uso. Watoto walikuwa wanamtazama tu. Akahesabu vichwa, sabini na moja. Akahesabu tena, sabini na moja. Mara ya tatu wakawa sabini.

Ikawa hivyo siku nyingi. Si kila siku, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu hakujua ni asubuhi gani ataitikiwa. Harufu ya chokaa akawa haivumilii. Mawe yakipakwa upya, yeye anaaga ana malaria. Njia ya kwenda shuleni aliibadilisha, akawa anazunguka kule kwenye kisima, maana njia ya mkato ilipita kwa Chausiku, aliyekaanga vitumbua barazani. Lakini haikusaidia kitu. Watoto walinunua vitumbua pale, wakaja na salamu darasani.

"Mwalimu, Mama Naima ametuambia tukusikilize sana. Anasema mwanawe hakukusikiliza."

"Haya, kaeni chini," alikuwa akijibu, na kugeukia ubao haraka, anafuta ubao ambao haujaandikwa kitu.

Mwaka tisini na tisa kituo cha walimu kule Temeke kikapata kompyuta. Moja tu, ya msaada, imewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na viatu unaviacha mlangoni. Mratibu wa kituo, Mwalimu Mudathir, alichapa kwa vidole viwili na kujivuna kwa vyote kumi. Mpango ulikuwa mzuri, tusiuseme vibaya: maandalio bora yachapwe, yatumwe kwa barua pepe kwenye vituo vya mikoani, yawekwe pia kwenye mtandao, ili mwalimu wa kijijini asiye na kitabu hata kimoja apate pa kuanzia. Na andalio la kwanza kuchaguliwa, kwa pendekezo la mkaguzi aliyelikumbuka, likawa lile la kipindupindu.

Mudathir alikuja shuleni mwenyewe akalitoa kabatini. Mwalimu Koku alipoambiwa, ukurasa ulishachapwa na kutumwa.

"Hongera, dada Koku!" Mudathir alimkaribisha kituoni. "Njoo uone jina lako. Sasa hivi hata Ulaya wanakusoma."

Akaona. Jina lake, jina la shule, tarehe, na chini kabisa, kwa herufi nyeusi zisizo na mwandiko wa mtu yeyote: 71 kati ya 71 wameelewa somo vizuri. Naima alikuwemo humo. Alihesabiwa miongoni mwa walioelewa, na sasa hapakuwa na kabati la kumfungia. Mwalimu Koku alitaka kusema. Lakini Mudathir alikuwa tayari anamweleza kwamba kwa kazi ile amefanywa mwezeshaji wa semina, na jina lake limewekwa la kwanza kwenye orodha ya wanaokwenda chuo kusomea daraja la A. Akashukuru. Akavaa viatu vyake mlangoni, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, akatembea navyo mpaka kituo cha basi bila kujua.

Semina ya tatu aliyoisimamia ndiyo iliyommaliza. Walimu walikuja na mafaili yao, yeye anapita mezani anakagua. Akafika kwa Mwalimu Polikarpo, mtu mpole kutoka Kimbiji, mwenye darasa la watoto ishirini na tisa. Polikarpo alikuwa amelipata andalio la kipindupindu, akalinakili lote kwa mkono, neno kwa neno, mpaka chini.

"Mwalimu, darasa lako lina wangapi?" aliuliza Koku.

"Ishirini na tisa."

"Mbona hapa umeandika sabini na moja wameelewa?"

Polikarpo akatazama. "Aa! Nimepitiwa. Nilinakili tu."

"Na hili somo umelifundisha lini?"

"Bado. Nitalifundisha Alhamisi ijayo, Mungu akipenda. Nimejaza mapema, si unajua wakaguzi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walicheka kirafiki, kila mmoja akijicheka mwenyewe. Mwalimu Koku hakucheka. Katikati ya kicheko kile alisikia sauti moja, nyembamba, inasema, "Nipo, mwalimu." Akakaa kwenye dawati la Polikarpo, akalia kwa sauti, mtu mzima, mwezeshaji, mbele ya walimu arobaini. Kisha akawaeleza. Mawe, chokaa, ndoo, msiba, hakuacha hata moja. Polikarpo alikuwa ameshika kalamu yake kwa mikono miwili, kichwa chini.

Mudathir alimfuata nje mbio.

"Dada Koku, usiniharibie, na usijiharibie. Orodha ya daraja la A inaondoka Jumatatu. Umelia, yamekwisha. Lile lililotumwa haliwezi kurudi. Mie nitaifuta hiyo tathmini, nani atajua?"

"Usifute. Andika ninavyokwambia."

"Dada Koku..."

"Andika, Mudathir, au nitaandika kwa mkono nibandike mlangoni kwako."

Wakavua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Akamsomea, yeye anachapa kwa vidole viwili: Waliohudhuria, 71. Walioelewa, hakuna. Maoni ya mwalimu: Somo hili halikufundishwa. Mwanafunzi mmoja, Naima Mwishehe, alikataa maji kwa kuwa hakuna aliyemwambia, akafa. Tafadhali usinakili tathmini. Fundisha kwanza. Mudathir alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza, simu iliyounganishwa na kompyuta ikapiga kelele zake kama paka aliyebanwa mlangoni, na maneno yakaenda.

Jina lake likatolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo. Lakini safari ngumu ilikuwa bado. Alasiri alishuka Mbagala, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akashika njia ya mkato.

"Hodi."

"Karibu... Ee, mwalimu! Umepotea wewe. Kaa hapo kwenye kigoda." Chausiku alikuwa mbele ya kikaango, anageuza vitumbua vya jioni. "Nikuletee maji?"

"Hapana, Mama Naima. Nimekuja kwa habari za marehemu. Nilikudanganya."

Chausiku akaendelea kugeuza.

"Siku ile msibani nilikwambia walifundishwa. Hawakufundishwa. Alhamisi ile walikuwa wanapaka chokaa mawe, mie niko ofisini naandika kwamba nimewafundisha. Naima hakuwa mbishi. Hakuna mtu aliyemwambia kitu. Alikataa maji kwa kuwa hajui, na asiyemwambia ni mimi. Nikiita rejesta namsikia anaitika. Mpaka leo namsikia."

Vitumbua vikaanza kuungua. Chausiku hakuvigusa. Moshi ulipanda usoni mwake, naye hakupepesa.

"Miaka miwili, mwalimu," alisema mwishowe. "Kila Ijumaa nakwenda makaburini. Namwombea, nikimaliza namgombeza. Namwambia, ulifundishwa ukakataa, umeniacha kwa ubishi wako. Namgombeza mpaka nafika hapa mlangoni."

Akaepua kikaango akakiweka chini, akajifuta mikono, akaivuta khanga yake ya kujitanda kwenye kamba.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu Koku, naye akiinuka.

"Kumwomba radhi mwanangu." Chausiku akajitanda, akafika barabarani, ndipo akageuka. "Na usinifuate. Wewe mngoje huko huko darasani."