Unga Uliovuliwa Nguo

Hyasinta, ambaye mtaa wetu wote wa Nyasura tunamwita Mama Isidori, hajawahi kusoma kemia, na mimi nimeifundisha miaka thelathini na moja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani habari hii ni ya mwanamke asiyejua kitu. Asiyejua nilikuwa mimi, tena kwa kujiamini sana.

Ni mjane, mzaliwa wa Bugwema, mtoto wa watu wa pamba na ng'ombe wachache. Tangu usichana alisiriba nyumba kwa udongo wa rangi, na alipofiwa na mume akahamia hapa Bunda, akafungua kibanda cha kutengeneza rangi, tukipakana ukuta. Alianza na udongo mwekundu wa Kiabakari. Aliusaga kwenye jiwe, akauchekecha kwa kipande cha kitenge, akauchanganya na mafuta ya kupakia mbao. Udongo ukagoma. Ulifanya madonge, na kesho yake ulikuwa umezama chini ya kopo, umekuwa tofali. Mtu mwingine angerudi kuuza nyanya. Yeye alihangaika mwaka mzima mpaka akagundua kwamba akiukanda kwanza huo unga kwa maji ya sabuni ya mche iliyochemshwa, akatia shabu kidogo, ile ya kusafishia maji, akausuuza na kuukausha, unapokea mafuta bila ubishi.

"Unga unaogopaga mafuta, Mwalimu," aliniambia. "Ukiuvalisha nguo ya sabuni, uoga unaisha."

Nilicheka, kisha nikamhutubia. Nikamweleza kwamba viwandani wanafanya hivyo hivyo: kila chembe ya rangi inafunikwa kwa tabaka jembamba, ili isigandamane na nyenzake, isipauke juani, na isiachie ukutani. Alinisikiliza kwa heshima, akarudi kwenye jiwe lake. Yeye neno lake lilikuwa moja tu, kuvalisha. Laiti ningeliazima.

Mwaka jana baada ya Pasaka, kigango cha kwao Bugwema kilimwomba apake rangi darasa la chekechea. Watoto ishirini na sita, na mjukuu wake Mseti mmojawapo. Furaha ilimkosesha usingizi. Alitaka kuta za njano, na udongo wetu hautoi njano ile aliyoiwaza, kwa hiyo alinunua unga mnadani, ndani ya mfuko usio na jina la kiwanda, lebo imechanika nusu, Kiingereza kitupu. Akanipitishia mfuko juu ya ukuta nimsomee.

Sikuwa na miwani na sikutaka kuifuata. Niliona mstari mmoja wenye herufi nene, uliosema kwamba uso wa chembe za unga huo umefanyiwa jambo, kwa lile neno la Kiingereza, treated, ambalo hutumika kwa mgonjwa, kwa mbegu na hata kwa nguzo za umeme. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo. Sikujisumbua nayo. Nilimrudishia mfuko wake nikamwambia umetiwa dawa huo. Akauliza, dawa? Nikasema ndiyo, dawa, kiwandani huko. Nikaendelea na chai yangu.

Sasa mwambie mtoto wa mkulima wa pamba kwamba kitu kimetiwa dawa, uone atakavyoelewa. Mbegu huwa zinakuja zimepakwa rangi ya waridi, na watoto wanaonywa wasizitie mdomoni, wasiwatupie kuku, wanawe mikono wakishapanda. Dawa ya shambani haiponyi mtu. Hilo nalijua tangu nikiwa na kaptula, na siku ile halikunipita hata kichwani.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kibandani kwake kuazima nyundo. Kwenye rafu nikaona kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka darasa. Haikuwa njano. Ilikuwa ya machungwa, nzito, kama papai lililoiva. Nikamuuliza imekuwaje, akajibu kwa furaha kwamba imekubali, imependeza kuliko ilivyokuwa. Kisha akaniambia lile ambalo nalisikia mpaka leo.

"Ulisema imetiwa dawa. Nikaogopa, Mwalimu, wale si watoto? Nikaitoa dawa yote."

Akanisimulia alivyoitoa. Mwaka mmoja wa njaa, utotoni mwake, mama yao aliishiwa kabisa akachukua mbegu za mahindi zilizotiwa dawa, akazichemsha kwa magadi mara tatu, akazisugua na kuzisuuza, wakala. Waliumwa matumbo, lakini hawakufa. Basi na yeye aliuchemsha unga ule kwa magadi mara tatu. Akausugua kwenye jiwe siku mbili kwa mikono yake mitupu, akausuuza. Maji yalitoka ya njano, akafurahi kwamba dawa inatoka.

Mfuko wenyewe ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari. Safari hii nilikwenda kufuata miwani. Nikayasoma yale maandishi madogo, nikayarudia. Unga ule ulikuwa wa madini ya risasi. Kiwanda kilikuwa kimeifunika kila chembe kwa ganda jembamba sana, la jamii ya kioo, ili sumu isitoke kirahisi. Kioo hicho ukikichemsha kwa magadi kinaliwa, na jiwe linamalizia kilichobaki. Ile rangi ya machungwa maana yake ni kwamba magadi yamekwisha kulipita ganda, yameifikia risasi yenyewe. Badiliko hilo niliwahi kuliandika ubaoni kwa chaki mbele ya madarasa yasiyo na idadi.

Nilimweleza polepole. Nilimwambia kwamba hata ukiwa na ganda lake, unga ule haukustahili kuingia darasa la watoto, na ningeliona hilo kama ningesoma. Nikamwambia kwamba dawa aliyoitoa ndiyo nguo. Aliitazama mikono yake, viganja na migongo. Kisha akauliza neno moja tu, "Mseti?"

Asubuhi iliyofuata tulipanda pikipiki mbili mpaka Bugwema. Njia nzima nilijifariji kwamba pengine rangi imeshika vizuri, pengine hawaigusi. Niliomba Mungu iwe hivyo, mimi ambaye kanisani huwa nakaa karibu na mlango. Tulipofika nikapitisha kiganja ukutani. Kilitoka na rangi ya machungwa. Alikuwa ameichanganya na gundi ya maji, na chembe zisizo na nguo hazikushika chochote. Zilikuwa zinapukutika zenyewe. Kutoka sakafuni hadi usawa wa mabega ya mtoto, ukuta ulikuwa umepauka. Rangi ile ilikuwa imeondoka na mashati yao.

Mwalimu wao, binti mchangamfu, alituambia watoto wanaipenda mno. Wakiwa wanacheza harusi wanajipaka mashavuni iwe poda.

Mseti alikuja mbio kumkumbatia bibi yake. Mama Isidori alirudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono nyuma ya mgongo, akamwambia asimame hapo hapo. Mtoto akasimama. Alidhani amekosa, akaanza kulia. Niliogopa pale kuliko nilivyowahi kuogopa katika maisha yangu, na nimewahi kukimbizwa na kiboko.

Watoto walitolewa nje siku ile ile na mlango ukafungwa. Nilikataza mtu yeyote asikwangue ukuta, maana vumbi lingekuwa baya zaidi. Jumatatu iliyofuata muuguzi kutoka Musoma alikuja kuwatoa damu, wote ishirini na sita, pamoja na Mama Isidori. Alisema kipimo hicho hakifanyiki hapa, kinapelekwa mbali, tusubiri. Wengine walikuwa wakiumwa tumbo, wengine hawataki kula. Lakini ni mtoto gani wa miaka minne hana siku ya kukataa kula? Hapo ndipo hofu inapokutesa, haikupi hata dalili moja ya kushika.

Jumapili ya wiki hiyo, majibu yakiwa bado, baada ya ibada wazazi waliitwa. Nilimshauri Mama Isidori tuseme kwa kifupi kwamba rangi ilikuwa mbovu, basi. Yeye alisimama mbele yao, akaeleza yote bila kupunguza: mfuko, magadi, jiwe, siku mbili. Mwanamume mmoja nyuma akauliza nani alimfundisha upumbavu huo.

"Nilifanya mwenyewe," alisema.

Hakunitazama. Angeweza kunigeukia tu, watu wakaelewa. Nilikuwa nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na nakiri kwamba kwa muda fulani nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilimwacha pale mbele peke yake wakati watu wanamzomea, mama wa Isidori, ambaye kosa lake lote lilikuwa kuniamini na kuwaogopea watoto wao. Kisha nikaona jinsi alivyoshika ukingo wa meza asianguke, nikasimama. Nikawaambia ni mimi niliyesoma lebo, nilisoma mstari mmoja, na lile neno la dawa ni langu.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa hata nimeyaandalia majibu. Hawakunitukana. Wote waligeuka wakanitazama kwa namna nyingine, kwa sababu sasa walikuwa wamempata mtu anayejua.

Mwanamke kijana aitwaye Ghati aliinuka kutoka benchi la mbele na kunifuata mpaka nyuma. Mgongoni alikuwa na binti yake amelala, kidole gumba mdomoni. Alimshusha akampakata ili nimwone vizuri.

"Mwalimu, huyu ananyonyaga vidole toka azaliwe," alisema. "Nimfanyie nini leo?"

Nilimwambia amnawishe mikono kwa sabuni, ampe maziwa na chakula cha kutosha, asimrudishe darasani. Akaitikia kwa kichwa kila jambo, akirudia kwa midomo ili asisahau. Nilipomaliza hakuondoka. Alibaki amesimama mbele yangu na mtoto mikononi, anasubiri niendelee, na mimi sikuwa na lingine.