Swali la Dada Kuhusu Mzigo wa Krismasi

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi maktaba ya hospitali huniuliza kama wagonjwa wana nguvu za kusoma. Nacheka nao kidogo, kisha naeleza. Wanaokuja kwangu ni wauguzi, madaktari na wanafunzi wao. Vitabu vipo, lakini siku hizi kazi kubwa iko kwenye kompyuta, ndani ya kanzidata, yaani ghala la makala za utafiti wa tiba kutoka kila pembe ya dunia. Ghala hilo lina kila kitu, na hapo ndipo shida inapoanzia. Ukiingia bila kujua unachotaka, unatoka na gunia la makala zisizokuhusu. Kazi yangu ni kufundisha watu kuuliza.

Wanafunzi wapya wakishakaa huwa nawaambia, "Fikirini mmeingia dukani kwa dada yangu, Kariakoo. Mnasema, 'Mama, naomba kitambaa.' Atawapa nini?"

Daima kuna mmoja anayedakia, "Atatuambia tuchague."

"Atawaambia mkanywe maji kwanza, mrudi akili zikitulia."

Dada alikuwa anauza vitambaa kwa jumla, mtaa usio mbali na Msimbazi, na sikuwahi kumwona akishusha jora kabla ya kumhoji mteja. Cha nani? Cha kushona nini? Badala ya kipi? Kikishashonwa, unataka kikae vipi mwilini? Mteja akijibu hayo manne, mkono wa dada ulikwenda moja kwa moja kwenye jora lenyewe. Swali la tiba nalo ni hivyo hivyo: mgonjwa ni nani, anapewa nini, badala ya nini, na tunatarajia apate nini. Ukikosa lile la kwanza, mengine yote hayana pa kusimama. Wanafunzi wakielewa hapo, nyuso zao hufunguka, na mimi huwa najisikia vizuri mpaka jioni.

Dada ndiye aliyenilea hapa mjini. Nilifanya mazoezi ya hesabu chini ya kaunta yake, nimeegemea mafurushi, yeye akibishana na wateja juu ya kichwa changu.

Mwaka ule, masika yalipokuwa yanaisha, alianza kukonda. Wateja walimsifu. "Mama, unapendeza! Umeanza mazoezi?"

"Nakimbizana na watu kama wewe," alijibu, "wanaopapasa kitambaa nusu saa halafu wanaondoka."

Majibu ya vipimo yalipotoka, tulioitwa ni kaka yetu mkubwa na mimi. Ndivyo tulivyozoea. Ndugu huingia kwanza, mgonjwa akabaki kwenye benchi na chupa yake ya maji. Kaka anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, na siku ile alikuja moja kwa moja kutoka dukani. Daktari aliuliza kama tungependa dada aingie. Kaka akasema, "Tuambie sisi." Tukaambiwa. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Kwenye korido kaka alinishika bega. "Haambiwi."

"Kaka, mwili ni wake."

"Na dada ni wangu. Akiambiwa leo, kesho tunanunua sanda. Tutasema ni vidonda vya tumbo. Na wewe na makala zako, nakuomba, nyamaza."

Alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye grisi, na grisi ilikuwa imembaki shavuni. Nilishindwa kubishana na shavu lile. Nikanyamaza.

Wiki zilizofuata, wenzangu wakienda kula mchana, mimi nilibaki nikitafuta. Nilitafuta kama wanafunzi wangu wavivu wanavyotafuta: jibu nisilolipenda likitokea, nilibadilisha maneno na kuuliza tena. Jibu halikubadilika.

Kilichonitia hofu zaidi ni mzigo wa Krismasi. Wafanyabiashara wa Kariakoo huagiza bidhaa za Desemba mapema, katikati ya mwaka, kwa sababu zinakuja kwa meli. Kila mwaka dada aliingiza humo kila alichokuwa nacho, kisha akakirudisha Desemba kwa kuuza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake na kwa kujuana kwake na watu. Akiagiza halafu asiwepo, kontena lingemfikia binti yake, aliyekuwa na miezi michache tu dukani na bado hajaweza kutofautisha pamba na nailoni gizani, kama mama yake alivyoweza. Lakini kwenye kundi la familia la simu kaka aliandika, "Agiza, dada! Tena mwaka huu ongeza!" Wengine wote wakaweka mikono ya kusali na maua. Waliona kwamba mtu aliyeagiza mzigo ana sababu ya kuungoja.

Mchana mmoja mlango wa maktaba ukafunguliwa, naye akaingia. Hakuwa amewahi kufika pale hata siku moja. Alikuja kwa bajaji, kitenge begani, akasimama akivuta pumzi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kumbe mna kiyoyozi? Miaka yote hii unanificha! Ningekuwa nakuja kulala."

Nilimletea kiti. Akakivuta mpaka mbele ya kompyuta.

"Nataka kutafuta kitu. Ila usinitafutie. Nifundishe, kama unavyowafundisha wale watoto wako."

"Unataka kujua nini?"

"Nataka kujua kama niagize mzigo."

Nikawasha kompyuta.

"Kaka ananiletea supu kila asubuhi," akaendelea. "Kaka! Nilipojifungua hakuniletea hata chai ya rangi. Hii si vidonda vya tumbo, hii ni saratani. Usinijibu, najua amekufunga mdomo. Wewe nifundishe tu."

Nikaanza naye kama ninavyoanza na kila mtu. Tuliandika neno saratani kwenye mtandao wa kawaida, nikamwonyesha namna ya kuuliza ni nani ameandika, na anapata nini ukimwamini. Hapo hakuhitaji mwalimu. "Huyu anauza," alisema, akiteremsha ukurasa wa mizizi ya kusafisha damu. "Huyu naye anauza. Huyu anauza na nauli juu. Nipeleke kwenye ghala lako."

Nikafungua kanzidata. Nikamweleza yale manne, nikimwambia kwamba nimeyatoa dukani kwake. Alifurahi sana. "Kwa hiyo hawa madaktari wanasoma kwangu na hawanilipi ada!" Kisha akaweka vidole kwenye vitufe. La kwanza: mgonjwa ni nani. Akaandika mwanamke. Akaandika umri wake. Halafu vidole vikasimama.

"Saratani ya nini?" dada akauliza.

Alinigeukia. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba bila kujaza hapo swali halitafutiki.

"Ya kongosho," nikasema. "Kwa Kiingereza nitakuandikia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Nikaandika. Orodha ikashuka. Makala za juu zilikuwa za wagonjwa waliowahi mapema, wakafanyiwa upasuaji. Tulibandika muhtasari mmoja kwenye chombo cha mtandaoni cha kutafsiri, tukapata Kiswahili kilichovunjikavunjika, lakini maana ilikuwepo.

"Hawa wanaishi," dada akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Ona, hawa wanaishi miaka."

Ningeweza kuishia pale. Kiti kilikuwa kizuri, kiyoyozi kinavuma, na dada yangu alikuwa anatabasamu. Angeondoka na bajaji yake akaagize mzigo.

"Hawa si wewe, dada."

"Kwa nini si mimi?"

"Ugonjwa wako umeshafika kwenye ini."

Akanisogezea kibodi, akasema kwa upole, "Basi andika na hilo."

Nikamwonyesha mahali pa kuchuja, akabonyeza mwenyewe. Orodha ilibaki fupi. Tulichagua makala moja iliyoandikwa vizuri, tukaibandika, ikageuka Kiswahili. Humo ndani walihesabu kwa miezi. Alisoma kwa kidole, mstari hadi mstari, midomo ikitembea. Akarudi juu, akasoma tena.

Kisha alitoa simu kwenye mkoba akampigia wakala wake wa mizigo.

"Mambo, baba? Sikiliza, mwaka huu sitaagiza. Hapana, sijafilisika, we' vipi! Nimechoka tu, napumzika. Nafasi yangu mpe mwingine, ila usimpe yule jirani yangu, ataringa mtaa mzima." Alicheka na wakala mpaka mwisho. Alipokata, aliniuliza choo kiko wapi, akakaa huko muda mrefu. Niliposikia maji yanamwagika bila kukatika, nilijua ameyafungulia ili nisisikie.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Sasa nataka kwenda nyumbani," alisema.

Kaka alikasirika na mimi, na kwa muda mrefu tulizungumza kupitia wengine. Sikumlaumu. Dada alimwachia binti yake duka lenye majora yaliyokwisha kulipiwa, akakaa naye siku chache akimfunga macho kwa mtandio na kumpa vitambaa avipapase. Nilisikia vicheko vyao kutoka barabarani. Kisha tukasafiri, yeye na mimi.

Sisi Wachaga tulioko mjini tunarudi Kilimanjaro Desemba, na gari limejaa. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na hapakuwa na mtu njiani. Dada alitembea akinishika mkono, akipumzika kila alipoona jiwe la kukalia. Mama yetu alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, ana bunda kichwani. Alituona tukiteremka kijia cha kwenda nyumbani, hatuna mabegi ya zawadi, hatuna watoto. Akasimama palepale.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado, mama," dada akasema. "Shikamoo."

Mama hakuitikia. Aliliacha bunda lianguke, akaja, akavua kanga yake ya mabegani akamzungushia dada, akaifunga kwa mbele kama anavyofungwa mtoto. Akamwongoza ndani kwenye moto. Mimi nilibaki nje kwenye baridi, nikiokota majani yaliyotawanyika, kwa sababu ng'ombe alikuwa ameshaanza kulia njaa.