Mgahawa wa Kijapani na Kifo cha Mke Wangu Jukwaani

Nianze kwa kutenga mambo mawili. Kwamba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliwahi kumpikia mhandisi wa Kijapani huko Dar es Salaam, hilo nililisikia kwake mwenyewe, na shahidi wa pili sikumpata. Kwamba alifungua mgahawa wa Kijapani hapa Sumbawanga, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye mlango unaotazama barabara akageuka mfanyabiashara, hilo nililiona kwa macho yangu. Zaidi ya kuliona nililikalia, tena sakafuni, juu ya mkeka, viatu nimeviacha mlangoni na baridi ya Juni ikinipanda kwenye soksi.

Jioni ya ufunguzi iliangukia jioni ya mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa mji, mwendo mfupi kutoka hapo. Mke wangu, ambaye alikuwa muuguzi, aliigiza mama wa mtemi. Mama huyo hulishwa sumu na kufa katika onyesho la kwanza, na baada ya hapo haonekani tena. Kwa majuma kadhaa alikuwa akifa jikoni kwetu kati ya sufuria na ndoo, nami niliona kwamba nimekwisha kushuhudia vya kutosha. Nilipomdokeza kuwa chakula cha kaka yake huenda kikanichelewesha kidogo, alinitazama kama amtazamavyo mgonjwa anayetema dawa.

"Usiponiona nikifa jukwaani," alisema, "usitegemee kunikuta hai nyumbani."

Wageni tulikuwa wawili, baba mkwe na mimi. Wengine, kwa mujibu wa shemeji, walikuwa njiani. Kwa malezi yetu, mtu hamsemeshi baba mkwe hovyo wakati wa kula, wala hanyanyuki kabla mzee hajanawa mikono. Kwa hiyo, ingawa magoti yetu yalikaribia kugusana, mimi na mzee tulizungumza kwa kupitia shemeji, kama nchi mbili zisizo na ubalozi.

Alitangulia samaki wa Wampembe, huko Ziwa Tanganyika, amekatwa vipande vyembamba sana, mbichi.

"Kuni zimekwisha mjini?" mzee alimuuliza mwanawe.

"Baba, Wajapani ndivyo wanavyomla."

"Na wewe ni Mjapani wa ukoo gani?"

Shemeji alimrudisha samaki jikoni akamkaanga, akidai kwamba hata Wajapani hufanya hivyo wanapokula na wazee. Sikuwa na njia ya kulithibitisha.

Kisha ukaja wali katika vibakuli vidogo, na kwa kila mtu vijiti viwili vya mwanzi. Mimi niliomba kijiko, nikamaliza. Mzee alipopewa kijiko alikisukuma kando.

"Mkono huu umewafundisha maksai kulima," alisema. "Nao huwa wawili. Vijiti vitanishinda?"

Vilikuwa vikimshinda. Kimoja kilikwenda kusini, kingine kaskazini, na punje moja iliyofika kinywani ilipokelewa kwa heshima na kutafunwa kwa muda mrefu, maana meno yake yalikuwa yamebaki machache na hayakutazamana. Ngoma ya kufungulia mchezo ikalia kutoka ukumbini. Nilimgeukia shemeji.

"Mwambie baba kwamba mchezo unaanza."

"Baba, shemeji anasema mchezo unaanza."

"Mwambie shemeji yako nami ndiyo kwanza naanza."

Nilitazama kibakuli. Kwa mwendo ule mtemi angemzika mama yake, angeozesha watoto na kupata wajukuu kabla mzee hajafika katikati. Nikaona heri niseme jambo lenyewe.

"Mwambie kwamba binti yake yuko karibu kufa."

Shemeji alifikisha. Vijiti vikasimama hewani.

"Anakufa na nini?"

"Sumu, baba. Kwenye mchezo."

"Nani kampa?"

"Mke wa mtemi."

"Mkwe wake? Ee!" Mzee alitafakari. "Na baba yake yumo humo ndani, amlilie?"

"Hayumo, baba. Mchezo hauna baba yake."

Hapo mzee alinitazama mimi moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi yetu.

"Mwalimu, mwanangu afe ukumbini bila baba, nami ninakula?"

Akasimama na kibakuli chake mkononi, vijiti vikiwa vimechomekwa ndani ya wali. Shemeji alipiga kelele kwamba kibakuli ni mali ya mgahawa. Mzee alimjibu kwamba hajamaliza kula, anahama tu. Nami, kwa kuwa mkubwa alikuwa amenyanyuka, nilikuwa huru kunyanyuka. Tulivaa viatu tukaondoka.

Ukumbini tulipenya hadi mstari wa mbele, na jirani aliyekaa hapo alininong'oneza kwamba mama wa mtemi alikuwa amekwisha kukata roho mara mbili na kufufuka, na kwamba mtemi alikuwa akimlilia tangu zamani hadi sauti imemkauka. Hayo ni yake, mimi sikuwapo. Nilichokiona ni kwamba mgonjwa aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akatazama mstari wa mbele, akamwona baba yake na kibakuli, akaniona mimi, kisha akalala chali.

Husimuliwa mjini kwamba wakati huo mzee alilia kwa sauti. Sikumtazama. Nilikuwa nikimtazama mke wangu, na mke wangu alikuwa amekufa, tena amekufa vizuri.