Siku Bibi Alipoketi

Kwa nini mtu aliyekipigania kitu tangu masika hadi vuli asimame siku ya mwisho, mbele ya watu wote, aseme "Mimi sina neno," kisha aketi?

Hilo ndilo swali nililotoka nalo uwanjani nikiwa darasa la tano, nimeshika ncha ya kitenge cha bibi yangu. Wiki iliyopita lilinirudia. Nilikuwa nimeshuka stendi ya Moshi, natafuta bodaboda ya kunipandisha kwa shangazi mlimani, likapita gari la matangazo lenye spika juu ya paa. Wananchi wote wanaombwa kufika kutoa maoni yao kuhusu awamu ya pili ya kuboresha kingo za mto. Kutoa maoni! Nilicheka peke yangu mpaka muuza karanga akanitazama kwa huruma. Nikamwambia dereva anipitishe kwanza Majengo nikauone mto.

Getini kulikuwa na mlinzi, kijana mwenye sweta kubwa kuliko mwili wake.

"Dada, unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kuuona mto."

"Mto umefungwa," akasema. "Njoo Jumamosi."

Nikasimama pale kwenye uzio nikachungulia. Zege. Benchi za chuma zilizoota kutu. Bomba la kurusha maji juu kwa mapambo, kavu kama koo la mgonjwa. Mgahawa wenye kufuli. Huko chini kabisa, mto wenyewe, mwembamba, unapita kama mtu asiyetaka kuonekana.

Kama ulikulia upande ule, huhitaji nikusimulie. Kama hukukulia, ngoja nikuonyeshe kilichokuwapo kabla ya zege.

Nyuma ya nyumba za mwisho ardhi iliteremka mpaka mtoni, na mteremko wote ulikuwa bustani. Mnafu, figili, majani ya maboga, migomba michache. Bibi alishuka kutoka mlimani baada ya babu kufariki na shemeji zake kukumbuka ghafla kwamba kihamba, lile shamba la ukoo, kina wenyewe. Hakushuka na shamba, alishuka na ujuzi wa mfongo, ule mfereji wa kuchimba kwa jembe ambao wazee wa Uchagani waliutumia kuyaleta maji mpaka mlangoni. Akawakusanya wanawake wenzake wa mjini, Wachagga, Wapare, Waislamu kwa Wakristo, wakaukata mfereji kutoka juu ya mto, wakapeana zamu. "Maji hayana mwenyewe," alikuwa akisema, "yana zamu." Aliyeiba zamu ya mwenzake alilima peke yake msimu mzima, hakuna wa kumsaidia kuzibua hata tope.

Kazi yangu ilikuwa kufungua na kuziba. Nikitoka shule navua sare, naingia mferejini miguu mitupu. Maji yale yalikuwa baridi, ubaridi wa kuuma mpaka kwenye mfupa, maana yalitoka juu kwenye barafu na hayakuwa yamesahau. Unaondoa pande la mgomba na tope, maji yanatambaa kwenye matuta, udongo mweusi unatoa harufu ambayo hadi leo sijaipatia jina. Chini zaidi wanawake walifua, na nguo zilizopigwa kwenye mawe zililia pa, pa, pa, zikajibiwa na ukuta wa msikiti. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu mwenye sauti kama tarumbeta, alikaanga vitumbua alfajiri, na bakuli lake lilikuja kwetu na vitumbua, likarudi kwake na mnafu. Jioni shangazi, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa, alisonga kiburu cha ndizi na maharage. Jumamosi ilikuwa mtori. Sikujua kwamba tulikuwa maskini. Niliambiwa na watu wa mradi.

Walikuja na turubai na picha kubwa. Mji wetu ulikuwa unaumwa, hakuna aliyebisha. Viwanda vilikuwa vimefunga milango kimoja baada ya kingine, kahawa haikumlisha tena mtu, vijana walishinda vijiweni. Dawa, walisema, ni mto. Kwenye picha maji yalikuwa ya bluu, rangi ambayo mto wetu haukuwahi kuwa nayo, na kandokando walitembea watu warefu waliovaa kofia, wakiongozana na mbwa mweupe. Niliutafuta mteremko wa bibi kwenye picha ile. Nilipata mwavuli.

Basi tukajadiliana. Mikutano ilifanyika uwanjani kila mara, na mimi sikukosa hata mmoja, kwa sababu hakukuwa na burudani ya kuishinda. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akasema, "Mama zangu, shikamooni. Lakini tuambiane ukweli. Huo mnafu umemjengea nani ghorofa?"

Watu wakacheka. Jirani hakungoja wamalize. "Marahaba, baba. Na la kwako liko mtaa gani, nije nipange chumba?"

"Mimi nataka kazi, mama."

"Kazi ya kumshika mbwa?"

Uwanja ukalipuka. Kisha jirani akamgeukia mtaalamu wa mradi, akamnyooshea bibi kidole. "Kijana, wewe ni mgeni, nikupe elimu ya bure. Mchagga akiikataa biashara, kimbia. Ameshaona kitu."

Bibi naye hakuwa na maneno mengi. Alisimama, akakaza kitenge. "Mnasema mji umelala. Sawa. Ukiamka si utataka kula? Utakula hiyo picha?" Akaketi. Kila alipozungumza, waliokuwa wanayumba walirudi upande wetu. Mimi nilikuwa nikihema kwa fahari.

Palihitajika mtu wa kutusemea kwa wakubwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyelitoa jina la mwalimu wangu.

Mwalimu yule ndiye aliyenifundisha kuuliza, na nasema hivyo bila kejeli. Watoto wengine waliadhibiwa kwa kelele, mimi alinisimamisha mbele ya darasa kwa sababu nilimwuliza kwa nini ramani inaweka kaskazini juu, akasema, "Huyu hapa ndiye anayesoma. Ninyi wengine mnakariri." Alikuwa Mchagga wa mlimani kama sisi, alinunua mnafu kwetu, na alipokaribia alipaza sauti, "Hodi, mama mwenye mto!" Bibi alimwekea bakuli la mtori kando hata kabla hajasema anakuja. Tulimchagua kwa mikono iliyonyooka juu. Nani mwingine?

Alfajiri ya siku ya mkutano wa mwisho, ule wa kuamua, nilikuwa naipiga sare yangu pasi ya mkaa. Hakukuwa na hodi. Niliinua macho nikamwona mwalimu mlangoni, ameinamisha kichwa, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaooteshwa kwenye mipaka ya vihamba. Kila mtoto wa Kichagga anajua jambo moja kuhusu jani lake: mtu akikuletea, hulikatai. Unaweza kumchukia, unaweza kulia, lakini mkono wako utanyooka. Bibi alilitazama lile jani. Kisha akanigeukia.

"Nenda kwa jirani kaangalie kama vitumbua vimeiva."

"Bibi, hata moto hajawasha."

"Nimesema nenda."

Niliporudi, mwalimu hakuwapo. Jani lilikuwa mezani. Shangazi alikuwa jikoni akikoroga uji ambao ulikwisha kuiva zamani, na bibi alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, kama mtu aliyetoka kuzika.

Mchana ule uwanja ulijaa. Mtaalamu alieleza, kijana wa bodaboda alipiga makofi, na watu wetu wakamgeukia bibi wakisubiri. Akasimama. Nakumbuka upepo ulikuwa ukilivuta turubai.

"Mimi sina neno," akasema. Akaketi.

Jirani alimshika bega. "Mama, umemeza nini? Sema!" Bibi akatazama chini. Basi mwalimu akainuka, akasema kwa niaba ya wananchi wa kingo za mto kwamba tumeridhia. Waliopiga makofi walipiga, na wetu walitazamana.

Tingatinga halikusubiri hata mnafu ukatwe. Mfereji ulifukiwa asubuhi moja, na nilisimama juu ya pale ulipokuwa nikasikia maji yakihangaika chini ya kifusi kabla ya kunyamaza. Jirani alihamia Chekereni kwa ndugu zake, akalime mpunga yeye aliyezoea karai la mafuta. Aliondoka bila kumuaga bibi, na bakuli lake likabaki kwetu. Shangazi alipoolewa mlimani alimchukua bibi, na mimi nikaenda bweni.

Sasa nielewe. Nilichoona mimi ni hiki: mwalimu alikuja kumwomba bibi akubali, na bibi akakubali, kwa jani. Jani! Kwa wiki kadhaa nilikagua kabati lake kwa siri nikitafuta kitenge kipya, au kiatu, chochote alichopewa. Vilikuwa vilevile vya zamani. Hilo liliniudhi zaidi. Nilipomuuliza uso kwa uso, alijibu neno moja, "Nimeshapokea," akaendelea kumenya ndizi. Hakuniambia jingine mpaka tulipomzika. Chuoni nilijifunza neno "ushirikishwaji," na kila mhadhiri alipolitamka niliiona ile picha ya mbwa mweupe. Niliandika insha ndefu kuhusu mila zinazowafunga wanyonge mdomo, nikapata alama nzuri, na bado naamini nusu ya niliyoyaandika. Ni nani aliyetunga sheria ambayo aliyeonewa ndiye anayepaswa kunyoosha mkono?

Na nimejaribu kutoutukuza ule mteremko. Kulikuwa na mbu, kulikuwa na matumbo ya kuhara, kulikuwa na mafuriko yaliyobeba kuku. Lakini kulikuwa na wanawake waliojua ni saa ya nani kupata maji bila kuandika popote, na maarifa hayo hayajahamia mahali pengine. Yalikuwa ya pale. Leo hakuna anayemsubiri mwenzake pale, hakuna hata cha kusubiri. Na vijana waliotaka kazi bado wako vijiweni, sasa wana mvi.

Nilifika kwa shangazi nikiwa na hasira hizo zote. Alikuwa anamenya ndizi, moshi wa kuni unamtoa machozi. Nikamsimulia tangazo la stendi, kisha nikasema nilichokuwa nikikisema miaka yote, kwamba bibi alituuza kwa jani.

Shangazi akaweka kisu chini. "Unamsema marehemu mama yangu hivyo, jikoni kwangu?"

"Alikubali kuombwa, shangazi."

"Kuombwa nini?"

"Akubali mradi."

Akanitazama kama anayemtazama mgeni. "We mtoto, na chuo chote kile? Isale halibebwi kwenda kuomba kitu. Linabebwa na mtu ambaye ameshakosa. Ukilipokea, umemsamehe, na kosa lenyewe hulitaji tena, hata kwa mwanao. Ukilitaja, hata mkutanoni, msiba unaingia nyumbani kwako. Mama aliamini hivyo."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilisikia yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila ukija, unaniambia."

Akaokota kisu, akamenya ndizi nzima kabla ya kuendelea. Mwalimu alizungumza Kichagga asubuhi ile, kwa sauti ya chini, ili jirani asisikie kupitia ukutani. Hakumwomba bibi akubali chochote. Alimwambia kwamba alikwisha kukubali yeye, kwa niaba yetu sote, siku ya kwanza tu wakubwa walipomwita, na kwamba tangu masika, tulipokuwa tukibishana uwanjani, mto ulikuwa umeshatolewa.