Majina Kumi na Tisa

Jumanne nilipanga foleni ya vibali vya kusafiri hapa Garissa, maana tangu vita vianze hata kwenda Ijara ni lazima uwe na karatasi. Karani alikuwa ameenda kunywa chai, na hana haraka yule. Mbele yangu alisimama mama aliyebeba binti mchanga, pamoja na mzee ambaye mama huyo alimkodi kwa kibuyu cha samli. Kazi ya mzee huyo ni kujua koo za watu.

"Maalim, una kalamu?" mama akaniuliza. "Andika mzee anasema."

Kwao baba ndiye humfundisha mtoto majina ya babu zake. Baba wa binti huyu aliuawa kisimani kabla mtoto hajazaliwa, na mama, aliyetoka ukoo mwingine, hayajui.

Mzee akafumba macho, akawa anakunja kidole kwa kila jina. Niliandika kumi na tisa. Nikichelewa ananigonga begani, kana kwamba marehemu wamechoka kusubiri. Mama akaifunga karatasi kwenye pindo la mtandio wake.

"Na wewe, maalim?" mzee akaniuliza. "Hebu sema yako."

Nikataja langu, la baba, la babu. Nikakwama.

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bole sana," akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kisicho na p. "Nani aliua wazee yako?"

Ilibidi niseme kweli. Baba yangu yu hai, na babu pia. Sijawahi kuwauliza.