Siku Mzee Pantaleo Alipoitaja Buguruni

Mzee Pantaleo anauza vitasa na bawaba Mchafukoge, katika duka dogo lililobanwa na ngazi za ghorofa. Alikuja mjini kutoka Machame akiwa na miaka kumi na tisa, akalala stoo kwa mjomba wake mpaka akapata duka lake. Hanywi, hachelewi, hadanganyi mteja. Nayasema haya mwanzo ili mtu asije akasema namwonea. Ameongoza kwaya yetu miaka ishirini, na ndiye mzee wa kanisa wa jumuiya yetu.

Ndiye pia aliyepeleka jina la binti yangu Jovitha kwa wazee alipopata mimba bila ndoa. Jumapili moja Jovitha alikuwa mbele, sauti ya kwanza, na sare ya kwaya. Iliyofuata alikuwa benchi la nyuma kabisa, ametengwa, chakula cha Bwana anakitazama kwa mbali. Alitubu mtoto akiwa bado tumboni. Lakini kwetu aliyetengwa hajirudishi mwenyewe kundini. Lazima mzee wa jumuiya yake amshike mkono, amtembeze mpaka mbele, awaeleze washarika alivyotubu. Mtoto alizaliwa, akaota meno, akatembea, na mkono wa Pantaleo haukunyooka.

Sababu ilikuwa Beno. Beno ni fundi spika wa Gerezani, ana bendi ya vijana wa injili yenye magitaa ya umeme na dramu. Alimwita Jovitha aimbe nao, naye akaenda.

"Aache yale kwanza," Pantaleo aliniambia mbele ya jumuiya, tumekaa sebuleni kwa Mama Candida na vikombe mkononi. "Ile ni disko, Mama Jovitha. Wamelibandika tu jina la Yesu."

"Vijana wanaokoka pale, mzee."

"Wanaruka. Hata mbuzi anaruka."

Watu wakacheka. Mimi nikanywa chai yangu. Nauza nyuzi na vifungo Kariakoo, shule niliishia darasa la saba. Kujibizana na mzee siwezi. Kusubiri naweza.

Na niseme kweli, magitaa yale yananipasua kichwa, na mara nyingi nilijiuliza kama Mungu anaambulia neno lolote katika fujo ile.

Mwezi wa saba wakafanya tamasha Buguruni, Jumamosi mchana, katika kiwanja cha wazi. Nilienda kumwangalia binti yangu. Hatua mbili mbele yangu nikamwona Pantaleo, kofia imeshushwa usoni, simu juu, anarekodi ushahidi wa kupeleka kwa wazee. Nikasimama nyuma yake, nikatoa simu yangu.

Jovitha aliimba. Kisha Beno akanyamazisha magitaa, akawaita wanaotaka kuombewa. Walitoka wengi, na wengine, nakiri, walikuwa wakicheka na kujipiga picha. Halafu akatoka mwanamume mzima, shati jeupe, analia kwa kwikwi. Aristides, wakala wa forodha bandarini, mtoto wa Pantaleo mwenyewe. Pombe ilimfukuzia mke, na miaka sita hakukanyaga kanisa, tangu baba yake alipolipeleka jina lake kwa wazee. Jovitha akashuka jukwaani, akamshika mkono.

Simu ya Pantaleo ikashuka. Akageuka, akaiona yangu inamrekodi mwanawe. Haikushuka.

Kwa wiki tatu Beno alipita kwa Aristides kila jioni akitoka kazini. Walisoma Neno, wakala ugali, Beno akaenda kwake. Aristides hakugusa chupa. Hapo ndipo Pantaleo alipokuja mezani kwangu.

"Habari za biashara, Mama Jovitha."

"Nzuri, mzee. Unataka vifungo?"

"Ile video."

"Ipo."

"Jumapili namrudisha Aristides kundini. Nitasema jumuiya ilimwombea."

"Ilimwombea lini?"

Alichukua kopo la vifungo, akalitazama, akalirudisha mahali pasipo pake.

"Utawatembeza wawili," nikamwambia. "Jovitha mkono wa kulia. Na utasema mwanao alitubia wapi, na nani alimshika mkono."

"Hicho ni kisasi, mama."

"Ndiyo, mzee."

"Na nisipofanya?"

"Wazee wenzako nao wana simu. Nitawarushia."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, lile la Jovitha. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, ukihema linayumba. Miaka miwili binti yangu alilikalia, sikujua. Pantaleo aliwatembeza, binti yangu kulia, mwanawe kushoto. Akasema Jovitha ametubu. Akasema Aristides ametubu. Kisha akaiweka maiki mbali na mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Buguruni, kwenye tamasha."

Nikasimama.

"Mzee, samahani. Huku nyuma hatujasikia. Ni wapi?"

Kanisa zima likageuka. Pantaleo akaisogeza maiki.

"Buguruni," akasema, ikavuma mpaka barabarani. "Kwenye tamasha la akina Beno. Jovitha ndiye aliyemshika mkono."

Kutoka kule mbele Jovitha alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama mama anayemkanya mtoto. Nikakaa, benchi likayumba. Nilikuwa nimesikia vizuri tangu mara ya kwanza.