Mama Mkwe Haegemei

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mke wangu atakuambia, na hakuna kitu kilichowahi kuzijaribu kama kiti cha mbele cha gari langu tangu nilipoanza kumpeleka mama yake Wang'uru.

Mama mkwe wangu anaishi Mukurweini na ng'ombe wake wawili na migomba yake. Dada yake mkubwa aliolewa Wang'uru, kule Mwea kwenye mashamba ya mpunga, na siku hizi hatoki kitandani. Masikio nayo yamekwisha. Ukimpigia simu anaitikia tu "ee, ee", hajasikia lolote. Ili asikie, lazima uiname pale kitandani uweke mdomo kwenye sikio lake la kushoto. Katika watoto wote wa mama yao wamebaki hao wawili. Basi nikajitolea: Jumamosi moja kila mwezi ningetoka kwangu Kiganjo mapema, nimpitie Mukurweini, tushuke Karatina, Sagana na Makutano mpaka Wang'uru, halafu nimrudishe kabla ng'ombe hawajaanza kulia.

Safari ya kwanza nilimkalisha mbele, kwa heshima. Akakaa wima, magoti pamoja, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, Baba wa mzee wangu."

Ananiita hivyo kwa sababu mwanangu wa pili alipewa jina la marehemu mume wake. Kila nikiuliza, yuko sawa. Tulipofika alishindwa kushuka. Nilimvuta mikono yote miwili, akatoka amekunjika, na kwa dada yake hakuweza kuinama kulifikia lile sikio. Aliwekewa kiti kando ya kitanda, wakashikana mikono, wakatazamana saa nzima bila neno. Iliniuma sana. Nilitoka nje nikajifanya naangalia matairi.

Mwezi uliofuata nilitandika kile kitambaa cha shanga za mbao wanachopenda madereva wa teksi. Wapi! Nikaenda mjini Nyeri kwa fundi wa makochi, mzee mmoja Mwislamu ambaye ameshona viti tangu mimi ni mtoto, akanitengenezea mito miwili ya sponji ngumu, mmoja wa kukalia na mmoja wa mgongo. Nikamwonyesha Mama na kile kichuma cha kulazia kiti. "Vuta hapa, ulale kidogo." Akakitazama kama nimemwonyesha nyoka. "Niko sawa," akasema. Safari hiyo ilimlaza kitandani siku nne, halafu akatuma ujumbe kupitia kwa mke wangu: mkwe wake amefanya yote, Mungu ambariki, lakini yeye haendi tena. Dada yake asalimiwe.

Nikawaka moto. Asalimiwe na nani, na hasikii? Nikaitupa ile mito ndani ya gari nikaenda kumfokea fundi. Yule mzee hata hakusimama. Aliupokea mto wa kukalia akaubonyeza, akaupokea wa mgongo akaubonyeza, akarudia tena.

"Huu umekaliwa," akasema. "Huu mwingine haujaguswa. Uko vile ulivyotoka hapa."

"Haujaguswa vipi, na amekwenda nao Mwea na kurudi?"

"Mwanangu, sponji haidanganyi. Huyo mama hakuegemea hata mara moja. Usinililie mimi. Kaulize nyumbani."

Nikauliza nyumbani. Mke wangu alicheka mpaka akashika meza.

"Ati ulimwambia mama yangu alaze kiti? Alale chali kando yako? Wewe si mkwe wake?"

"Lakini tunataniana! Anakula hapa, anacheka!"

"Kucheka ni kucheka. Kulala mbele ya mkwe ni kitu kingine. Na hujajiuliza kwa nini siku ya safari hanywi chai? Atakuambia vipi usimamishe gari aende choo?"

Nilikuwa nimejiambia kwamba mambo ya mkwe na mama mkwe kuogopana yalikwenda na wazee wetu. Kumbe mama wa watu alikuwa akijishikilia wima kutoka Mukurweini hadi Wang'uru, na kiu juu yake, kwa ajili ya kuniheshimu mimi, na mimi namuuliza kila kona kama yuko sawa. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Mwezi huo nilikwenda kwake na uongo mdomoni. "Mama, kiti cha mbele kimeharibika. Ukikubali twende, itabidi ukae nyuma." Alikitazama kile kiti, akaingia ndani kuchukua kitambaa chake cha kichwa.

Nyuma mimi na mke wangu tulikuwa tumeacha mto wa kitandani na blanketi, kama vitu vilivyosahauliwa na watoto. Nikakigeuza kile kioo cha katikati kikatazama juu. "Na hiki nacho kimelegea," nikasema kwa sauti, nikaendesha kwa vioo vya pembeni. Tulipokaribia Karatina nikapiga usukani. "Haiya! Gari imechemka!" Nikaingia kituo cha mafuta, nikaegesha karibu na vyoo, nikainua boneti, nikaenda zangu ng'ambo ya barabara kutafuta ndizi, mgongo nimeligeuzia gari. Niliporudi alikuwa ameketi mahali pake, na gari lilinukia sabuni ya mikono.

Kabla ya Sagana nikamsikia akikoroma. Sijawahi kufurahia kukoroma kwa mtu namna hiyo. Nilizima redio nikaendesha polepole, wenye malori wakinipigia honi, nami kwa mara ya kwanza maishani sikumjibu hata mmoja.

Wang'uru alishuka mwenyewe. Akajinyoosha, akaingia, akainama juu ya kile kitanda, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto. Sijui alisema nini. Dada yake alicheka mpaka tukakimbia kumletea maji.

Tangu hapo gari langu huchemka kila mwezi, Karatina wakati wa kwenda, Makutano wakati wa kurudi. Mama hunipa pole. Siku moja hata aliniambia nilipeleke kwa fundi, nikamwambia mafundi wa siku hizi ni waongo watupu.

Mwezi uliopita nilizama katika mawazo yangu ya shamba, Karatina ikapita sijasimama. Tukaenda, tukaenda. Tulipokuwa tunaiona Sagana, sauti ikatoka kule nyuma, taratibu.

"Baba wa mzee wangu."

"Ee, Mama."

"Gari yako leo haijachemka?"

Nikatazama kijishale cha joto. Kilikuwa kimetulia chini kabisa. Nikahisi machozi na kicheko vinanijia pamoja, nikavimeza vyote.

"Imechemka, Mama," nikasema. "Imechemka vibaya sana."

Nikawasha taa ya kuingia kushoto.